Kompyuta Iliyoombewa Kabuta

Kwa miaka mingi nimekana kwamba kompyuta yangu iliwahi kuombewa. Nimekana mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya mume wangu, na mara moja mbele ya askofu aliyeniuliza kwa nia njema kabisa. Leo nakubali. Iliombewa, tena mara mbili. Mara ya kwanza sikuulizwa. Mara ya pili niliomba mwenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi ni Mtanzania, lakini wakati huo nilikuwa nasoma shahada ya pili Lusaka, na utafiti wangu ulinipeleka Kabuta, ufukoni mwa Ziwa Mweru, upande wa Nchelenge. Nilichunguza namna akina mama wauza samaki wanavyoaminiana. Sura ya nne, niliyoipenda kuliko zote, ilidai kwamba kuaminiana ndiko mtaji wao mkubwa. Nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kikongo mwenye jenereta na friza tatu. Wauza samaki wenzake waliweka samaki wao humo wakingoja lori la kwenda Mansa. Kila mmoja alifunga furushi lake kwa kitambaa cha rangi yake, na kutwa nzima walikuwa wakija, wakiinua mfuniko, wakitazama furushi, na kuufunga tena. Katika maandishi yangu niliita hali hiyo upendo wa kazi.

Mama mwenye nyumba aliniita Madamu. Kiswahili changu kilimchekesha. Alisema nazungumza sawa na redio, na kwamba kila nikiomba chumvi anangoja nimalizie na taarifa ya habari.

Kompyuta yenyewe niliuziwa na Mtanzania mwenzangu, fundi huko Lusaka. Ilikuwa ya kupakata, ingawa aliyeipakata kwa muda mrefu alihitaji kukandwa mapaja. Betri yake ilikuwa imekufa zamani, hivyo iliishi kwa waya tu. Siku moja jenereta iliishiwa mafuta nikiwa katikati ya sentensi. Tangu hapo kompyuta ikakataa kumaliza kuwaka. Ilionyesha jina lake, kisha ikasema haikuzimwa vizuri na kwamba sasa inakagua diski. Vijumba vidogo vya njano vilijipanga kimoja kimoja kwenye kioo. Vikifika nusu, au robo tatu, kioo kinakuwa cheusi, inajizima, inaanza upya.

Tasnifu nzima ilikuwa humo ndani. Nakala ya akiba niliiweka kwenye disketi, na disketi nikaiweka juu ya spika ya redio ya mama mwenye nyumba, ambako sumaku iliimaliza. Chuo kilikuwa kimeshaniongezea muda mara moja na kusema hakitaniongezea tena. Nisipowasilisha kufikia mwisho wa mwezi, nafasi yangu ingefutwa, nami ningerudi nyumbani na sanduku la nguo na harufu ya samaki.

Hata hivyo sikuogopa. Nilikuwa nimehudhuria kozi ya kompyuta na nilikuwa na cheti. Nilibonyeza vitufe vyote ambavyo kozi ilitufundisha kubonyeza. Niliiwasha kwa disketi ya dharura. Niliifungua kwa bisibisi, nikapuliza vumbi, nikapangusa viungo vyake kwa spiriti, nikaifunga tena na kubakiwa na skrubu moja, ambayo niliamua kwamba haikuwa na umuhimu. Ilikuwa ikiwaka na kujizima kama kawaida. Taa ya chumbani nayo ilififia mara kwa mara, lakini hilo nililichukulia kuwa tabia ya Kabuta.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Madamu, iko nalala ao iko nakufa?"

Nikamweleza kwa kirefu kuhusu diski na sehemu zake zilizochoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ugonjwa wa mume wake nao waganga wa hospitali waliueleza vizuri hivyo hivyo, na tukamzika.

Jumatano kikundi chake cha maombi, ambacho kwa kawaida kilikutana kanisani, kilikutana uani kwetu. Wote walikuwa wenye mafurushi kwenye friza. Walisimama wakielekea dirisha langu, mikono juu, macho wamefumba, wakaomba kwa Kiswahili, kwa Kibemba, na pale jambo lilipokuwa zito, kwa Kifaransa. Waliomba kwa muda mrefu sana. Walimkemea pepo wa uvivu aliyeingia katika mashini ya mugeni. Mimi nilikuwa ndani na bisibisi mkononi. Kwa adabu tu nikaiweka chini.

Vijumba vya njano vikapita nusu. Vikapita robo tatu. Vikafika mwisho. Kompyuta ikapiga kile kimuziki chake cha kukaribisha, na uani wakajibu kwa vigelegele.

Hapo ningepaswa kuchukua disketi mpya, iliyokuwa mezani karibu na kiwiko changu, na kunakili tasnifu. Badala yake nilitoka nje kueleza. Nilisema ni ile spiriti. Nilisema viungo vilikuwa vichafu na sasa ni safi.

"Ni wewe ulitengeneza?" mama mwenye nyumba akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Basi zima, tuone."

Nikaingia nao chumbani. Kuizima taratibu kungekuwa haki, lakini nilitaka ionekane kwamba hata ikitendewa ukatili itaamka. Nikachomoa waya. Nikauchomeka tena. Akina mama walitazama vijumba vinne vitano vikijipanga, kisha wakatoka wakacheki samaki wao. Kioo kikawa cheusi. Mama mwenye nyumba alibaki peke yake. Alinipa pole kwa kunigusa bega, jambo lililoniuma kuliko kicheko.

Asubuhi tulipanda baiskeli za kukodi hadi posta ya Nchelenge, yeye akidai ana simu ya kumpigia kaka yake. Alipofika hakumpigia mtu. Alibanana nami kwenye kibanda cha simu, sikio lake karibu na langu. Fundi wa Lusaka alipokea, nami nikamhadithia kila kitu, pamoja na skrubu. Kuhusu maombi nilipita haraka.

"Dada," akasema, "acha bisibisi. Umeme huo unautumia na nani?"

"Na friza tatu."

"Zinafunguliwa mara ngapi?"

Nilitaka kusema mara chache. Nikakumbuka vitambaa vya rangi, na sura ya nne.

"Kila wakati. Kila mtu anakuja kuangalia kama samaki wake wapo."

Akacheka. Akaeleza kwamba friza ikiingiwa na joto injini yake inaamka, na ikiamka inanyonya umeme wote kwa kufumba na kufumbua. Kompyuta isiyo na betri haiwezi kuvumilia hata sekunde hiyo moja. Diski yangu ilikuwa nzima. Ilichohitaji ni saa moja ya mifuniko iliyofungwa.

"Ila sielewi," akasema. "Jana ilimalizaje?"

Mama mwenye nyumba akavuta mkono wa simu kuelekea kinywa chake.

"Wakati wa kuomba, hakuna mutu alifungula friza. Kila mutu alifunga macho. Ni maombi njo ilitengeneza."

"Mwambie amesema kweli," fundi akasema. "Mimi mwenyewe siwezi kulieleza vizuri zaidi."

Sikuhitaji kumwambia, alikuwa amesikia, na alikuwa ananitazama. Nikamuuliza kama bamama wangekubali kuomba tena leo, uani, wote, bila kukosa hata mmoja.

"Watakubali," akasema. "Lakini tuombe mpaka saa ngapi, Madamu?"

"Mpaka mimi niseme amina," nikamwambia, nikaweka simu chini na kupapasa mkoba wangu kuhakikisha kwamba disketi ipo.