Nyonga ya Papa Sagesse

Wanaomsifu mume wangu Félicien hawajawahi kuishi naye. Parokiani wanasema, "Mzee yule ni mtakatifu, anateseka bila kunung'unika." Ni kweli hanung'uniki. Kazi ya kunung'unika ameniachia mimi, nami naifanya kwa bidii tangu tulipofika Birmingham, Uingereza, mwaka 2003.

Nyonga yake ya kulia ilikuwa imekwisha. Daktari alituonyesha picha: mfupa umesagana na mfupa mpaka hakuna kitu katikati. Na nyonga hiyohiyo alikuwa anasimama nayo saa kumi kwa siku, akisugua masufuria kwenye mgahawa wa balti, mchuzi wa Kipakistani, hapa mtaani kwetu Balsall Heath, kisha anarudi nyumbani akijishikiza ukutani. Ukimpa kidonge, anakitia mfukoni. Nafua suruali, nakuta vidonge vimegeuka uji. Ukimwekea kiti ili asali ameketi, anapiga magoti sakafuni, tena pembeni ya zulia, si juu yake, anamaliza Rozari nzima. Halafu hawezi kuinuka. Nani anamwinua? Mimi.

Jirani yetu Jasbir, mama wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu, alimletea fimbo ya marehemu mumewe. Félicien alishukuru kwa heshima zote, akaisimamisha nyuma ya mlango, ikakaa hapo. Wiki tatu baadaye Jasbir akaiona, akaja juu.

"Mzee, hii fimbo si pambo ya nyumba! Mimi naona wewe kwa dirisha kila siku, roho yangu nauma."

"Asante, mama. Mungu anajua," Félicien akajibu huku akitabasamu.

Mungu anajua! Kama maneno yangefungiwa kabatini, hayo ningeyafungia na ufunguo nikautupa. Kwetu masista walitufundisha kwamba maumivu yasipotee bure, uyatolee kwa Mungu kwa ajili ya mtu fulani. Nami nakubali, nimetolea mengi. Lakini masista hao walikuwa wakiumwa jino wanakwenda kung'olewa. Mume wangu aliyafuga maumivu yake kama mbuzi wa maziwa.

Kwetu Uvira, Kongo, mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi ni Mama Sagesse, yeye ni Papa Sagesse, na Sagesse mwenyewe hatujamwona tangu mwaka 1996. Tulipokimbia vita alikuwa na miaka minne, na mimi nilikuwa na mimba. Félicien alimbeba mgongoni siku tatu milimani. Alianguka kwenye mawe, akaumia nyonga, akaendelea kumbeba. Tulipofika ziwani, boti iliyokuwa inaondoka ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja na mtoto. Félicien akampa yule mtoto dada yake Rosalie, aliyekimbia pamoja nasi, sisi tukapanda iliyofuata. Yetu ilifika Kigoma. Yao hatujui ilifika wapi. Tumeandika kwa kila ofisi inayotafuta watu waliopotea, na mpaka leo hakuna jibu. Kila siku tunaitana kwa jina lake tukiombana chumvi.

Mara ya kwanza hospitali ilipomwita kwa ajili ya upasuaji, hakwenda. Alisema kazi zilikuwa nyingi. Mara ya pili, Machi 2008, nilimpeleka mwenyewe kama mtuhumiwa, pamoja na binti yetu Jeannine wa miaka kumi na moja, ambaye anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza. Daktari alieleza taratibu, bila kuzungukazunguka. Asipotia sahihi leo, jina lake linaondolewa kwenye orodha, na kabla ya mwaka kuisha hatatembea tena.

Félicien alishika kalamu. Aliisoma ile karatasi yote. Kisha akaiweka kalamu chini, akasema asante, hapana, kwa adabu ya mtu anayekataa chai ya pili.

"Dad, just sign it! Please!" Jeannine alikuwa karibu kulia.

Niliomba dakika kumi. Nikamshika mkono, nikamtoa mpaka kwenye korido, na pale, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu zao, nikafunguka.

"Papa Sagesse, nimechoka na weye! Unataka nikusukume mu kiti mpaka nife? Sema, unaogopa kisu?"

"Siogopi kisu."

"Basi nini?"

Aliegemea ukuta wa korido.

"Siku ile boti ilienda, nilimuambia Mungu: haya maumivu yote nakupatia, we unilindie mtoto. Sitalia, sitakunywa dawa. Mama Sagesse, hawa madaktari bakinitoa maumivu, nitamupatia nini tena? Nikitia sahihi, niko namuua mutoto."

Miaka kumi na miwili tunalala kitanda kimoja, na hakuwa ameniambia. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kofi, na ukweli ni kwamba kofi lilikuwa karibu zaidi.

"Ulimubeba Sagesse mu mugongo siku tatu," nikasema. "Alikupatia nini?"

"Hakunipatia kitu."

"Alikuwa anafanya nini kule mu mugongo?"

"Alikuwa analala."

"Ulikuwa na maumivu. Ulimushusha?"

"Hapana."

"Ulimubeba bure, weye mwenye zambi. Sasa Mungu ni Baba ao ni muchuuzi wa soko? Unafikiri anamushika mutoto wetu kwa sababu ya nyonga yako? Ukipona, atamuachilia?"

Alirudi ndani polepole akijishikiza ukutani, akaketi, akatia sahihi. Jeannine alimshikilia karatasi isiteleze.

Walimpasua mwezi wa tano. Siku ya pili wakaja mabinti wawili wa mazoezi ya viungo, wenye nguvu, wakamsimamisha kwa lazima. Félicien, mtakatifu wa parokia, alipiga ukelele, "Uii, mama! Uii, mama yangu!" Wodi nzima ikageuka. Niliona haya, na moyoni nilifurahi kupita kiasi. Aliporudishwa kitandani alimeza vidonge viwili bila kuambiwa.

"Na haya maumivu ya leo unayatolea nini?" nikamchokoza.

"Namupatia Mungu tu. Simuombi anilipe kitu." Akapumua kwanza. "Unakumbuka Sagesse akianguka? Alikuwa anakuya mbio, anainua goti, ananionyesha. Hakuwa anatafuta dawa. Alitaka tu nione. Basi na miye namuonyesha Baba, aone."

Kisha akalala, mdomo wazi, kama mtoto.

Niliketi pale kando ya kitanda. Kwa miaka kumi na miwili hasira zangu nimewagawia wote: daktari, dereva wa basi, Rosalie, na huyu aliyempa Rosalie mtoto wangu. Mungu peke yake sikuwahi kumwonyesha panaponiuma. Nilikuwa namsalimu asubuhi na jioni, basi. Nikafumba macho nikamwambia kwamba nimemkasirikia, na kwamba namtaka Sagesse. Nililia kwa sauti mpaka nesi akaja mbio, akatutazama mmoja mmoja, akauliza mgonjwa ni yupi.