Jalada la Daktari Haruni

Mama Asteria ametunza majalada ya siri ya chuo chetu cha Makambako miaka kumi na tisa, na hata mumewe hajawahi kusikia neno. Mimi nililitaka moja tu, la Daktari Haruni. Aliiba utafiti wangu wa viazi, akanishtaki mimi kwa wizi, diploma yangu ikaishia nusu. Baadaye kamati ilikaa kumchunguza, ikafungia uamuzi ndani ya jalada lake. Nilipouliza, nikajibiwa kuwa mambo ya watumishi ni siri.

Haruni alipopata kazi Njombe, nilimwendea Mama Asteria.

“Kamwene, mama. Nipe barua ya uamuzi wa kamati niibandike stendi.”

“Mimi si ubao wa matangazo, mwanangu. Toka.”

Nikamwita mwoga kimoyomoyo. Kumbe siku hiyohiyo, mhudumu wa chai alinisimulia baadaye, mkuu wa chuo alimwagiza mama apeleke Njombe jalada la wazi tu, lile la siri ajifanye amelisahau.

“Sawa, mkuu,” mama alisema, akimsogezea daftari la majalada na kalamu. “Kanuni inataka yaende yote mawili. Andika hapa umeagiza nisahau, utie sahihi.”

Mkuu aliitazama ile kalamu kama nyoka, akaondoka. Jalada likapigwa lakiri, likaenda.

Jumatatu Haruni aliripoti Njombe na suti mpya. Kufika saa saba, baada ya jalada kusomwa huko, alishateremka basi hapa Makambako, mbele ya meza yangu ya chipsi.

“Karibu, Daktari!” nilipaza sauti, stendi nzima ikageuka. “Onja viazi. Hivi utafiti wake nimefanya mwenyewe.”