Muhuri wa Kusomwa kwa Kidole Gumba

Ilitangazwa rasmi, redioni na kwenye milango ya shule zote za ukunga, kwamba kuanzia mwaka huo brevet, yaani hati za kuhitimu, zitamalizwa kwa mashine ya kidijitali, zikiwa na dhahabu ya kisasa, filamu ya kung'aa na mraba wa alama za kusomwa na simu. Kwamba muhuri wa kubonyeza kwa mkono umefutwa, na atakayeubonyeza atafungwa. Na kwamba kwa hatua hiyo hati ya uongo haitapokelewa tena mahali popote. Tume iliyotamka hayo ilichapa tangazo lake kwa wino mweusi, na herufi za mwisho zilikuwa zimefifia.

Immaculée alilisoma akiwa kazini mjini Baraka, kwenye imprimerie ya Raphaël, duka la uchapaji ambako alikuwa mmaliziaji kwa miaka ishirini na mitatu. Mchapaji hutia wino tu. Mmaliziaji ndiye anayeigeuza karatasi kuwa hati. Aliilainisha kwa kitambaa kibichi, akailaza kati ya jike la shaba lililochimbwa muhuri na dume la kadibodi lililoinuka, akaning'inia kwenye mkono wa presi mpaka muhuri ukavimba kama kovu. Kisha dhahabu, kwa chuma cha moto. Ilikuwa kazi ya polepole. Wakati wa mvua karatasi zilichanika, na kuna wahitimu wa mwaka mzima ambao dhahabu yao ilikaa upande kama kofia ya mlevi.

Mashine ya Raphaël haikuwa na ulevi huo.

"Mama, ona! Hamsini, na chai yako haiyapoa."

"Iko muzuri. Sasa gusa."

"Niguse nini?"

"Basi. Ni hilo nilitaka kusema."

Raphaël alicheka. "We mama! Bantu banasoma na macho, si na kidole."

Hapo alikosea. Huku karatasi husomwa kwa kidole gumba kwanza. Askari wa kizuizini, mwalimu mkuu, katibu wa parokia, wote hupapasa muhuri kabla macho hayajafika kwenye jina. Wengine huishia hapo hapo.

Tume ilipokuja kukusanya mihuri, ilichukua jike la shaba, ikaandika barua ya makabidhiano, ikaondoka. Dume, ambalo Immaculée alilitengeneza mwenyewe kwa kadibodi na gundi, lilibaki kwenye droo. Tume haikujua kwamba muhuri una mume.

Wiki ya tatu baada ya wahitimu kumi na wanne kupewa brevet zao mpya, aliingia mmoja wao, Uwamwiza, binti wa Bibokoboko kule milimani, ameifunga yake ndani ya kitenge. Alikuwa ameahidiwa kazi ya ukunga kwenye kituo kimoja cha afya huko Kilembwe.

"Jambo, mama."

"Jambo, binti yangu. Sura yako haiko ya muntu mwenye kazi."

"Titulaire wa kule, mukubwa wa kituo, baba Fabien, alipitisha kidole. Akasema: 'Dada, hii iko picha ya brevet. Lete brevet yenyewe.'"

"Na ile alama ya simu?"

"Alisema réseau ya simu ikikuja ataangalia. Réseau haiko."

"Haukumuelezea tangazo?"

"Nilimuelezea. Akaniuliza jina la baba yangu mara mbili."

Immaculée hakuuliza kwa nini. Jina la mtu wa milimani, likishuka huku chini, huwa na kizuizi chake lenyewe.

"Alinipa mpaka siku ya ine," Uwamwiza akaendelea. "Halafu anaweka mwengine."

"Huyo mwengine alisoma?"

"Hapana. Iko na brevet ya zamani ya dada yake. Lakini muhuri yake imevimba."

Immaculée aliigeuza karatasi. Haikuwa na kosa lolote; ilikuwa laini kama jani la mgomba.

"Nikibonyeza, itakuwa ya uongo. Unaelewa? Na mi nitafungwa, nilale kachoni."

"Mama, sasa hivi iko ya kweli, na bamama ba Kilembwe banazaa bila muntu."

Saa sita Raphaël alikwenda kula. Immaculée alitoa dume, akalaza brevet juu yake, akaipasha filamu kwa pasi kupitia kitambaa. Moto ukizidi, filamu ingekunjamana. Ukipungua, ingepasuka, na binti angerudi hata bila ile picha yake. Akaanza kusugua kwa mkia wa kijiko, kutoka katikati kwenda ukingoni. Filamu ililia kidogo. Haikupasuka. Muhuri ukavimba.

Uwamwiza aliupapasa, akaifunga brevet tena ndani ya kitenge.

Siku ya nne Fabien alipitisha kidole chake, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Unaona? Ilikuwa kazi gani kuleta ya kweli toka mwanzo?"

"Munisamehe, baba," Uwamwiza alijibu. Jioni hiyo alizalisha mapacha.

Huko Baraka, Immaculée alianza kushtuka kila pikipiki iliposimama nje. Dume alilitia kwenye moto wa chai, kisha akaona ametia miaka yake ishirini na mitatu, na chai hakuinywa. Mwishoni mwa muhula Raphaël alimsomea barua ya tume. Kati ya brevet kumi na nne za mwaka ule, vituo vilikuwa vimerudisha kumi na tatu, kwa kuzishuku kuwa za uongo.

Ya Uwamwiza haikuwa miongoni mwazo.