Siku Gari la Sabuni Liliponivua Gauni

Enzi zetu, wenzangu, sabuni haikujileta yenyewe kwenye simu. Ilikuja na gari, na gari ulilisikia kabla hujaliona. Pale Tabora msimu wa maembe, mji mzima unanukia utamu, mara inakuja sauti ya bwana anayeongelea puani: "Akina mamaaa! Leteni nguo chafu! Itakayong'aa kupita zote, mwenyewe anaondoka na mche mzimaaa!"

Mche mzima wa sabuni! Mama alikuwa anafulia majani ya mpapai, mikono imempasuka. Aliutaka ule mche hadi anauota. Akachukua shati la baba la kazini. Lakini kwanza akalifua! "Nipeleke uchafu wangu sokoni, nimerogwa?"

Kumbe wanawake wote walifanya hivyohivyo. Bwana wa sabuni anageuza nguo, anageuza, jasho linamtoka. "Mama zangu, nimesema chafu! Hizi si za kwendea harusi?" Watu hoi kwa kicheko.

Ndipo akaniona mimi, gauni limeganda utomvu na vumbi. "Huyu hapa!" Akanipandisha juu ya meza yake, gauni likavuliwa, nikabaki na shimizi mbele ya soko zima. Povu likapanda jeupe, linapeperuka vichwani mwa watu kama pamba. Maua ya gauni niliyosahau kama yapo yakatokea moja moja.

"Mtoto mchafu kuliko wote Tabora kawa malaika! Mama yake yuko wapi?"

Mama akapita katikati ya watu, taratibu. Akanivisha gauni linachuruzika maji. Mche aliopewa akausukuma nyuma. "Sabuni yako nzuri, baba. Ila mwanangu si bango." Tukarudi kwenye majani yetu.

Sasa niko Rexdale, huku ughaibuni, ghorofani, ndege zinapita dirishani. Mjukuu wangu Neema kampaka mwanawe chokoleti uso mzima, anamrekodi kwa simu aweke mtandaoni, ili kampuni imletee maboksi ya sabuni. Nikamsimulia habari ya mama. Akanijibu kwa kile kisauti chake cha puani: "Bibi jamaaani, rilaksi, ni ya bure!" Haya, nimerilaksi. Na sabuni yenyewe inanukia, siwadanganyi, naiogea.

Lakini mimi walioniona walikuwa watu wa soko letu, wote wanamjua mama kwa jina, na kesho yake walikuja kumpa pole. Huyu kitukuu wangu anaonwa na nani? Anaipungia simu mkono, anacheka. Nami nimekaa pembeni, nangoja, labda atatokea hata mmoja wa kumpungia.