Mtungi wa Kwenda Kibakwe

Juzi jirani alimwagia mtungi wake wa gesi maji ya moto, nikasikia ile harufu ya kutu ya uani kwetu Makole.

Nilipokuwa mtoto, wazazi waliniambia tunakwenda Kibakwe kumsalimia Bibi, siku mbili tu. Mama aliumwagia maji mtungi mdogo, akaupapasa kutoka juu mpaka palipobaki baridi, gesi ilipoanzia.

"Huu unatosha, Baba Neema."

Baba hakumtazama. "Beba ule mkubwa."

Nikawashuku. Kusalimia gani huko kwa mtungi mkubwa? Niliamini Baba anatufukuza, nikaacha viatu vyangu vya shule chini ya kitanda chake ili turudi.

Tulipofika, kumbe Bibi alikuwa mahututi. Baba alikuwa ameshapiga hesabu ya chai ya waombolezaji. Mama bado alikuwa akipima uji wa mgonjwa.