Shali ya Kapitolina

Wapo watu wanaoamka na njaa. Taisiya Rodionovna aliamka na hasira, na kusema kweli, kazi yenyewe ilimpa sababu. Aliuza shali kwenye soko la zawadi nyuma ya kanisa lenye kuba za rangi, kando ya mfereji, mjini Petersburg, ambako theluji ya majimaji hunyesha mpaka mtu anasahau kwamba dunia ina jua. Wageni walipapasa mali yake kwa vidole vyenye mafuta ya maandazi kisha wakasema asante, tunatazama tu. Waongoza watalii walipita na makundi yao bila hata kugeuza shingo, wakiwapeleka kwenye maduka ya barabara kuu yanayowapa bahasha za pesa. Taisiya aliwatukana wote, waliosimama mbele yake kwa sauti na waliokwisha kupita kwa moyo.

Juu ya meza yake, kwenye waya, ilining'inia shali moja nyeupe, pana kama shuka ya kitanda. Aliifuma dada yake mkubwa, Kapitolina, huko kijijini kwao kwenye nyika za Orenburg, kwa manyoya laini yanayochanwa kwenye mbuzi, majira yote ya baridi akiwa ameketi pembeni ya jiko. Baada ya hiyo vidole vyake vilivimba vikakataa kukunjika. Hakufuma tena.

Mnunuzi akisimama, Taisiya alivua pete yake ya ndoa, akaingiza pembe moja ya shali, akavuta. Katikati alisimama kidogo, akawatazama watu usoni, akasema, "Ikikwama, chukua bure, na pete juu yake!" Halafu akamalizia, na shali nzima ikateleza petani mpaka ncha ya mwisho. Watu walipiga makofi. Hapo ndipo mkono wake ulipoingia chini ya meza ukatoka na shali nyingine, imefungwa vizuri ndani ya nailoni.

Hiyo ilifumwa na mashine. Hiyo hata uivute kwa trekta haipiti petani.

"Nimesema inapita?" Taisiya alimfokea jirani yake Ignat Savelyevich kila huyo alipoinua nyusi. "Nimewaambia hii ni shali ya Orenburg. Na ni ya Orenburg! Mashine iko Orenburg! Wewe wanasesere wako umewachonga mwenyewe?"

Ignat hakuwa amewachonga. Aliuza kofia za manyoya na wale wanasesere wa mbao wanaokaa mmoja tumboni mwa mwenzake, naye alikuwa mtu mpole, mzito wa maneno.

Kapitolina hakujua lolote la nailoni. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili aliuliza jambo lile lile.

"Bado unayo, Taya?"

"Ninayo. Inaning'inia."

"Usije ukaiuza. Ikiondoka hiyo, mimi sina tena cha kuonyesha kwamba niliwahi kuwa na mikono."

"Nani kasema naiuza? Kunywa dawa zako!"

Mwezi wa Februari jino la Taisiya lilimvimbisha shavu akaenda kung'olewa. Alimwachia Ignat meza. "Cha mezani uza," alimwambia. "Cha juu usikiguse." Ignat akaitikia kwa kichwa. Taisiya aliporudi, pamba mdomoni na ganzi ulimini, waya ulikuwa mtupu.

"Iko wapi?"

Ignat alivua kofia, kama mtu aliye msibani. "Taya, sikiliza. Alikuwa mnunuzi wa kwanza."

"Iko wapi, nimekuuliza!"

"Mnunuzi wa kwanza, Taya! Nimemwonyesha za mezani, hataki. Nimemwonyesha za chini, hataki. Anaitaka ile tu, na bei hapingi. Nami nimfukuze mkono wa kwanza? Tangu juzi hatujauza hata kimoja, wewe wala mimi! Ningeitia meza yako nuksi mpaka kiangazi!"

Kumbe alikuwa amekwisha kuzipitisha noti alizolipwa juu ya bidhaa zote, kama wanavyofanya wauzaji wote wa huko na pesa ya kwanza ya siku ili ivute nyingine: juu ya shali, juu ya kofia, juu ya wanasesere. Alizipitisha polepole, kwa nia safi. Nia hiyo safi ndiyo iliyomkera Taisiya kuliko wizi. Mwizi angalau unampiga.

"Umeuza mikono ya dada yangu!" alipiga kelele hata njiwa wakaruka. "Mzee mzima na ndevu zako, unaogopa nuksi! Nuksi ni wewe! Nuksi ilizaliwa siku mama yako alipokuzaa!"

Alinyakua mwanasesere mkubwa kuliko wote akambamiza chini. Akapasuka, wakatoka wenzake, na yule mdogo wa mwisho akabiringika mpaka ukingoni akadondokea kwenye barafu ya mfereji. Ignat alimtazama akienda.

"Alikuwaje huyo mtu?"

"Mwanamke. Glavu nyekundu. Akaitia kwenye mfuko wa duka la Bibi Ulyana."

Taisiya alizipokonya zile noti akaondoka mbio.

Duka la Bibi Ulyana alilijua kama mtu anavyomjua mke mwenza. Liko kwenye barabara ya Nevsky, na mlangoni pake mabasi ya wageni humwaga watu kama magunia. Njiani alipita duka la kaharabu lenye mlinzi mwenye suti, duka la vikombe vya buluu ambako kikombe kimoja ni kodi ya mwezi, duka la peremende lililopambwa kama kasri, na kila moja alilirushia laana yake, maana kwake yote yalikuwa yamejengwa kwa wateja waliotakiwa kuwa wake. Alipofika kwa Bibi Ulyana hakulazimika kutafuta. Shali ya Kapitolina ilikuwa imetandazwa juu ya kaunta chini ya taa, na kundi la wageni kutoka Chelyabinsk limeizunguka.

Msichana wa duka alivua pete. Akaingiza pembe. Akavuta, akasimama katikati, akawatazama watu usoni.

"Ikikwama," akasema kwa tabasamu, "chukua bure, na pete juu yake!"

Watu wakacheka. Shali ikapita. Makofi. Na mkono wa msichana ukaingia chini ya kaunta ukatoka na boksi.

Taisiya aliona giza. Aliwapasua wale wageni kwa viwiko mpaka mbele.

"Wezi!" alipiga kelele, na pamba ikamtoka mdomoni. "Wezi nyie, hamna haya! Mnawaonyesha hii, mnawauzia ile! Msiziguse hizo za kwenye boksi, jamani! Wewe binti, chukua hiyo ya boksi uipitishe! Ipitishe tuone!"

"Mama, tafadhali, shusha sauti..."

"Sishushi! Ipitishe!"

Mama mmoja mnene wa Chelyabinsk, ambaye alikwisha kulipa, alifungua boksi lake mwenyewe, akajikongoa pete kidoleni kwa mate, akaanza kuvuta. Iliingia kiasi cha kiganja kimoja ikakwama. Akavuta kwa nguvu. Uzi ukalia.

"Nirudishieni pesa yangu," akasema yule mama, na sasa kelele zikawa za duka zima.

Mlango wa nyuma ukafunguka akatoka mwanamke mwenye nywele fupi, nadhifu, glavu nyekundu zimechomoza mfukoni. Hakuonekana kushtuka. Alimwagiza msichana awarudishie pesa wanaotaka, kisha akamsogelea Taisiya.

"Taisiya Rodionovna. Hunikumbuki."

"Sikujui, na sitaki kukujua!"

"Regina. Nilinunua kwako, mama yangu alipolazwa. Ulivua pete, ukavuta, ukasimama katikati, ukasema ule utani wako. Nikacheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi." Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini taya zilikuwa zimekaza. "Nikaenda hospitali. Nikamwambia mama, tazama, inapita petani. Nikavua pete yangu mbele ya wodi nzima. Ikakwama. Wagonjwa wote wananitazama. Mama akaniambia, basi mwanangu, iache, inapasha moto vile vile. Akazikwa nayo."

Taisiya alifungua mdomo. Ganzi ilikuwa imeisha na pengo la jino lilimuuma.

"Nilikuchukia sana," Regina akaendelea. "Halafu nikafikiri, yule mama si mjinga hata kidogo. Nikafungua duka hili, na Bibi Ulyana ni jina tu la mlangoni. Kilichokosekana kilikuwa shali moja ya kweli."

"Ukamtapeli mzee wa watu asubuhi..."

"Nilimlipa bei aliyotaja. Wewe ulinitajia bei gani, na ukanipa nini?"

Taisiya alitupa noti juu ya kaunta, akaikusanya shali kifuani, akatoka. Hakuna aliyemzuia. Barabara nzima alikwenda akibwatuka peke yake, akimtukana Regina na ndevu za Ignat na dunia iliyogundua mashine, lakini matusi yalikuwa hayakamati. Kila alilolitupa lilimrudia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na yeye siku hiyo hakuwa na hakika tena yuko upande gani wa mkuki. Hilo lilimtia hasira zaidi kuliko yote.

Kesho yake, Jumapili, aliitundika shali mahali pake. Ignat alikuwa amekwisha kufika, amemwekea chai kwenye kikombe cha bati, na mbele ya meza yake mwanasesere mkubwa amegandishwa kwa gundi, bila yule mdogo tumboni. Hawakusalimiana.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa kijana mrefu mwenye begi la chuo. Alitaka zawadi ya nyanya yake. Taisiya alivua pete bila kufikiri, mikono ikaenda yenyewe. Alivuta. Katikati hakusimama, na utani haukumtoka. Shali ikapita.

"Nifungie," kijana akasema, macho yamemng'aa. "Atashangaa huyo bibi!"

Ignat alishusha pumzi. Mkono wa kwanza, na asubuhi yote hii! Mkono wa Taisiya uliingia chini ya meza ukaishika ile nailoni. Ukabaki huko.

"Hii haipiti," alisema.

"Samahani?"

"Haipiti! Huna masikio? Ni ya mashine! Ukimpelekea nyanya yako na pete yako utaaibika mbele ya watu. Iliyopita ni ile, na ile haiuzwi!"

Kijana alimtazama, akaitazama shali, akamtazama tena. "Sasa unaionyesha ya nini?"

Kijana akavaa begi lake akaenda zake. Ignat alitema mate mara tatu juu ya bega la kushoto kufukuza nuksi, kisha, kwa sababu jambo lilikuwa kubwa, akayatema tena.

"Tema!" Taisiya alimwambia. "Tema mpaka ukauke!"

Alipanda juu ya kreti akaishusha shali kwa pupa. Alizivuta zile za chini ya meza, akazichana nailoni moja moja, akazitandika mezani uso juu, na bei ya mashine. Theluji ya majimaji ilianza. Yeye alibaki ameishika ile ya dada yake, hajui aiweke wapi, maana mezani si mahali pake na waya hautaki tena. Mwishowe, akilaani baridi, aliizungusha kichwani na mabegani akaifunga nyuma kwa fundo, kama wanavyojifunga wanawake wa kijijini kwao.

Simu ikalia.

"Bado unayo, Taya?"

"Ninayo."

"Inaning'inia?"

"Haining'inii! Nimeishusha. Nimeivaa mimi! Kuna baridi huku, au hujui?"

Upande wa pili alisikia kuni zikipasuka ndani ya jiko la kijijini.

"Ehe, hatimaye," Kapitolina akasema. "Kwani nilikufumia uitundike?"

"Si ungesema tangu mwanzo!" Taisiya alifoka, hata Ignat akageuka. "Miaka yote hii umekaa kimya, unasema tu usiuze, usiuze! Ungesema!"

"Unauza shali, mdogo wangu," Kapitolina akamjibu. "Nilidhani unajua kazi yake."