Diski Mbili na Nyimbo za Mwalimu Nasimiyu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka hujikuta nimeacha kumenya viazi na kisu kiko mkononi. Ilikuwa Kitale, miaka ile ya tisini, mvua za masika hazijakatika, nasi dukani tunafanya kazi na sweta kwa baridi ya Mlima Elgon.

Nilikuwa msichana wa Endebess niliyetoka chuoni karibuni, na cheti kilikuwa kimenivimbisha kichwa. Aliyeniajiri ni Bwana Harjit, Kalasinga aliyezaliwa papo hapo Kitale, mwenye duka la kuchapa barua. Kompyuta ilikuwa moja. Tuliipenda mashine ile! Jioni tuliifunika kitambaa cha kufuma, kama redio ya baba.

Kila Alhamisi alikuja Mwalimu Nasimiyu, mama mstaafu, na basi la kutoka Bungoma, kinasa sauti kwenye kikapu. Alikuwa akikusanya nyimbo za Kibukusu za kubembeleza watoto kutoka kwa vikongwe, azitoe kwenye kijitabu. Tulisikiliza pamoja, mimi nachapa, yeye ananisahihisha huku akitikisa goti kana kwamba amepakata mtoto. Kaseti alikuwa nayo moja. Wimbo ukishaingia kwenye kompyuta, alirekodi mwingine juu yake. Alituamini kiasi hicho.

Basi ikaja Windows mpya, wateja wakaitaka. Lakini programu tuliyochapia nyimbo ilifanya kazi kwenye ile ya zamani tu. Bwana Harjit akanunua diski ya pili, ili ya zamani na mpya zikae ndani ya mashine moja, kila moja kwenye diski yake.

"Sikia, Nafula," akaniambia akitoka kwenda mji wa Kwanza. "Chomoa kwanza waya ya diski ya zamani. Iweke kando kabisa. Halafu weka Windows mpya kwa hii ingine. Umeskia?"

"Nimesikia, mzee."

Nilisikia kwa masikio tu. Kuchomoa waya niliona ni woga wa wazee. Si mimi ndiye niliyesoma? Nikaziacha zote mbili zimeunganishwa. Kwenye kioo zilijulikana kwa herufi tu, C na D. Nami asubuhi ile nilikuwa nimezibadilisha nafasi, nikasahau kwamba herufi nazo zimehama. Nikaamuru D ifutwe, nikidhani ni ile mpya. Mashine, kwa adabu yake, ikaniuliza: kila kitu kitapotea, niendelee? Nikajibu ndiyo bila kusoma.

Nilipokuja kuzitafuta nyimbo, hazikuwapo. Niliketi pale mikono mapajani.

Bwana Harjit hakunifokea. Alisema tu, "Kesho utaenda Bungoma. Utamwambia wewe mwenyewe." Afadhali angenipiga.

Njiani nilitunga uongo: nitasema stima ilipotea, kompyuta ikazimika na nyimbo zikafutika. Lakini Mwalimu alinipokea kwa uji, akaniita mwanawe, nami nikauacha uongo. Nikamweleza yote. Akaweka kikombe chini.

"Mashine ilikuuliza?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ulisoma swali?"

"Hapana."

"Nafula, mimi sina hasira na kompyuta, bana. Hiyo haijui mama ni nini. Wewe unajua." Akainuka, akachukua leso na kile kinasa sauti. "Twende. Waimbaji wengine bado wako hai."

Kwa miezi mingi, kila Jumamosi, tulizunguka vijiji vya Bungoma nyumba kwa nyumba. Vikongwe walituimbia tena, wengine wakicheka kwamba tumekuwa wasahaulifu kuliko wao. Mwanangu, nilizipenda siku zile! Viazi vitamu vya moto, moshi wa jikoni, na sauti nyembamba zikipanda taratibu.

Ila kikongwe mmoja, Kukhu Namalwa, yaani nyanya Namalwa, tulikuta ameshazikwa. Binti yake alijaribu. Maneno hakuyajua, alikumbuka sauti tu, akaivumisha kwa midomo iliyofumbwa, machozi yakimtiririka. Mwalimu aliirekodi hivyo hivyo. Kijitabu kilipotoka, ukurasa ule ulikuwa na jina la wimbo na jina la mwenyewe, chini yake mistari mitupu. Nimezaa watoto wanne, na hakuna niliyemlaza bila kujiuliza maneno yale yalikuwa yapi.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi sikuambii uukatae msala, mwanangu; kipya kipokee, kina manufaa yake, na nafasi ya vyote viwili ipo. Lakini kabla hujakikaribisha, kiweke mbali kile kisichopatikana tena, hata kama wenye cheti watakucheka. Ukiulizwa kama una hakika, soma swali lote. Na ukikosea, nenda mwenyewe kwa uliyemkosea, mapema, wakati walio hai bado wanaweza kukuimbia.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kujenga na mzito wa kufuta. Nyumba yako isikose mzee wa kuimba, wala mtoto wa kuimbiwa.